Siku Arobaini na Nne za Maji

Dealu Cornului, 12 Oktoba 1996

Dada yangu Safta,

Nakusalimu wewe, binti yako Lukretia na mumewe, na huyo mjukuu mpya ambaye hata jina lake hujaniandikia. Huku wote wazima, yaani mimi na jogoo. Plamu mwaka huu zilizaa mpaka matawi yakaegemea ua, na nimepata mapipa mawili ya kupikia pombe ya tuica. Ukuta wa kusini wa nyumba ya baba umepata ufa, lakini sitauziba. Na hilo ndilo linanifikisha kwenye jambo lenyewe.

Tarehe tisa Machi natimiza miaka sabini. Unajua maana yake katika nyumba yetu. Babu hakuifikia, baba hakuifikia, na kaka Sandu tulimzika mwaka juzi akiwa na sitini na tisa na miezi minane. Nimeendesha treni miaka thelathini na minane, dada, na dereva akiona taa nyekundu hangoji aigonge ndipo afunge breki. Nataka kutoa pomana yangu, karamu ya marehemu, nikiwa hai. Mke wangu Aneta ametangulia, watoto hatukujaliwa, sasa nani atanitolea sadaka ya maziko kama si mimi mwenyewe? Nataka nione watu wanakula, nijue nani kapata nini, kisha nipumzike.

Orodha ya vitu vya kugawa nimeshaiandika: kitanda, meza, viti vinne, ndoo, blanketi mbili na shoka la baba. Padri amekubali. Kinachokosekana ni mpishi, na mpishi ni wewe. Njoo Novemba kabla theluji haijafunga njia.

Daktari wa zahanati alinipima akasema presha iko juu, akanipa vidonge. Nimevitia kwenye droo. Kumeza vidonge miezi mitano ili iweje?

Mdogo wako,
Nicodim


Braila, 3 Novemba 1996

Nico, mdogo wangu,

Barua yako imefika siku ambayo Lukretia aliunguza maharage, kwa hiyo tumeisoma ndani ya moshi. Mjukuu anaitwa Emilian, ana jino moja na analitumia vizuri. Mimi namshukuru Mungu: magoti yananipeleka sokoni na kunirudisha, samaki wapo, na lifti ya jengo letu inafanya kazi siku tatu kwa wiki. Siku nne zilizobaki naishukuru ngazi.

Sasa hayo ya wanaume wa kwetu. Babu alianguka kutoka kwenye mti wa plamu akiwa amelewa. Hiyo si damu ya ukoo, Nico, hilo ni tawi. Baba alirudi vitani na risasi ubavuni, akakaa nayo miaka hamsini. Mtu huyo hakufa mapema, alizidisha. Na Sandu alivuta sigara arobaini kwa siku ndani ya mgodi wa makaa, pale ambapo hata ukuta ulikuwa unavuta. Wewe huvuti, hupandi miti ukiwa umelewa, na vitani hawakukuchukua. Umetoa wapi hiyo taa nyekundu?

Kuja Novemba siwezi. Lukretia amerudi kiwandani na mtoto ni wangu kutwa nzima. Isitoshe, pomana si jambo la kukurupukia. Niache nifikiri, nitakuandikia.

Lakini kwanza nijibu hili: umepanda vitunguu saumu?

Dada yako,
Safta


Dealu Cornului, 24 Novemba 1996

Dada Safta,

Salamu kwenu nyote, na pole kwa meno ya Emilian. Theluji ya kwanza imeanguka Jumanne. Mwalimu wa shule ameoa tena. Nyuki nimempa yeye, mizinga yote saba, kama zawadi ya harusi.

Vitunguu saumu sikupanda. Huvunwa mwezi wa saba. Nani atavivuna?

Usidhani nalalamika. Niko sawa kwa kiasi changu. Nalala giza likiingia na naamka likiondoka, na katikati nakaa karibu na jiko. Mguu wa kushoto umevimba. Ngazi tatu za baraza nazipanda kwa mapumziko mawili. Yote haya yanaonyesha kwamba nimeona vizuri, na wewe unanichekesha na matawi.

Na jambo moja linaniuma, afadhali nilitoe. Patru mumeo alipotaka pomana hukumuuliza maswali ya vitunguu. Ulimpikia. Mimi nilikuwa zamu, sikuja, lakini sifa zilinifikia hadi stesheni ya Konstanta. Mpaka leo watu hapa wakila kabichi iliyoviringishiwa nyama husema ni nzuri, ila si kama ya Safta siku ya pomana ya Patru. Sasa niambie, kwa nini shemeji alistahili na mimi, niliyenyonya titi moja nawe, sistahili?

Nicodim


Braila, 6 Januari 1997

Nico mpenzi,

Heri ya mwaka mpya, na heri ya maji ya ubatizo, maana leo padri amepita na kutunyunyizia mpaka ndani ya kabati. Emilian ana meno manne. Mume wa Lukretia alivunjika kidole cha gumba akifungua chupa ya sherehe, na tunashukuru kwamba ni kidole na si jicho.

Nimekaa na barua yako wiki tano. Samahani. Nilikuwa naandika na kuchana.

Haya, pomana yako nitaipika. Lakini pomana ya mtu aliye hai haipokelewi bila maji. Wewe uliondoka kijijini una miaka kumi na mitano kwenda shule ya reli, hujui mambo haya, na si kosa lako. Nisikilize vizuri.

Utabeba maji siku arobaini na nne. Ndoo moja kila asubuhi, kwa mikono yako mwenyewe, kutoka chemchemi ya bondeni mpaka kwa mjane asiye ndugu yako. Mjane huyo awe Ruxanda, kule juu kabisa. Uwe mlangoni kwake saa moja kamili. Ndoo ijae hadi ukingoni. Yakimwagika zaidi ya tone, unarudi chini unachota upya. Njiani husemi neno, na hufikirii kifo chako, maana ukikifikiria mkono utatikisika na maji yatamwagika. Utafikiria kitu kimoja cha kushukuru, na kila siku kiwe kingine. Kwa sababu huwezi kuiaga dunia ambayo hujaishukuru. Ruxanda akipokea maji atakuombea heri, nawe utamshukuru kwa kupokea.

Anza tarehe ishirini na tano Januari. Siku ya arobaini na nne itaangukia tisa Machi, sikukuu ya Mashahidi Arobaini, siku uliyozaliwa. Nimehesabu kwenye kalenda ya kanisa mara mbili.

Najua utasema utakuwa umeshakufa. Ukifa katikati nitakuja nimalize ndoo zilizobaki na magoti yangu haya, na nitakusema vibaya kila hatua.

Dada yako,
Safta


Dealu Cornului, 29 Januari 1997

Dada Safta,

Nashukuru kwa barua, na nampa pole mwenye kidole. Huku baridi imefika nyuzi ishirini chini ya sifuri. Jogoo amehamia jikoni.

Hii sheria yako aliitunga nani, mtu aliyekuwa na adui? Umewahi kumbebea mtu ndoo iliyojaa kwenye kile kilima mwezi wa Januari? Nimeandika kwenye daftari langu la kazi, maana mazoea hayaachi. Siku ya kwanza: kuondoka saa kumi na mbili na dakika kumi na tano, kufika saa moja kasoro dakika nne. Dakika arobaini na moja, mapumziko sita. Moyo ulikuwa unagonga kama mtu aliyefungiwa nje.

Ruxanda akafungua mlango akiwa na fimbo yake. Ana miaka themanini na moja, nyonga zimemwisha, ulimi haujaguswa.

“Nicodim, maji gani haya, ya kunywa au ya kubatizia?”

“Ya pomana.”

“Pomana ya nani?”

“Yangu.”

Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. “Basi weka hapo, marehemu, na ufute miguu.”

Tangu siku hiyo jina langu ni Marehemu. Kijiji kizima kimeshalidaka.

Siku ya pili nilipata kizunguzungu karibu na ua wa mwalimu, ndoo nzima ikaishia kwenye theluji. Nilikaa chini nikatukana, samahani, kisha nikarudi bondeni nikachota tena kama ulivyosema. Nilifika saa mbili kasoro. Ruxanda alikuwa amesimama barazani kwenye ile baridi, ananitafuta kwa macho. Hakusema kitu cha kuchekesha siku hiyo. Jioni nikafungua droo nikameza kidonge cha presha. Usifurahi bure. Sikukimeza ili niishi, nilikimeza kwa ajili ya ndoo.

Vitu nilivyoshukuru mpaka jana: viatu vya reli, ambavyo ni vya mwaka themanini na tatu na bado havipitishi maji, Ruxanda kutokuwa na mbwa, mkono wa ndoo kuzungushiwa kitambaa na marehemu Aneta, na siku ya nne nilikosa kitu, nikashukuru kwamba kilima kina mwisho. Nadhani kinakubalika.

Zimebaki thelathini na tisa.

Nicodim


Dealu Cornului, 16 Februari 1997

Dada yangu Safta,

Sijapata jibu lako, na sisubiri. Natumai mko wazima na kwamba ni posta tu inayovuta miguu. Huku barafu imeanza kulegea mchana, usiku inakaza tena. Mwalimu amenirudishia mizinga miwili, anasema mkewe mpya anaogopa kuumwa. Nimeiweka upande wa jua.

Leo ni siku ya ishirini na tatu. Dakika ishirini na mbili, pumziko moja, na hilo nilipumzika kwa sababu kulikuwa na kigong'ota nikataka kumwona. Mguu umenywea. Sijui nimshukuru nani: vidonge, kilima, au Ruxanda, ambaye alionja supu yangu akasema hata kondoo hawalambi chumvi kiasi kile, akaondoka na kopo la chumvi.

Nikuambie jambo ambalo sikulitegemea. Ndoo ikijaa hadi ukingoni, huwezi kuwaza kitu kingine. Nilijaribu. Nilitaka niwaze mazishi yangu vizuri, nani atasimama wapi, na papo hapo maji yakaruka. Basi nikawa natazama maji tu, na mahali mguu unapokwenda. Jiwe lile, mzizi ule, barafu ile ya kijivu inayoteleza kuliko nyeupe. Nimeendesha treni miaka yote hiyo macho yakiwa kilomita moja mbele. Kazi ilinitaka hivyo. Nikastaafu, macho yakabaki kule kule mbele, nikaona Machi tisa tu na hakuna kingine. Sasa saa kumi na mbili na nusu asubuhi naona sentimita thelathini za njia, na zinanitosha.

Siku hizi Ruxanda hunibakiza kwa chai. Anapika ugali wa mahindi na jibini ya kondoo, tunakula tukigombana. Jana nilichelewa dakika nne.

“Marehemu kachelewa,” akasema.

“Barafu, mama. Kidogo niteleze.”

“Wafu hawatelezi. Wewe ulilala.”

Nilikuwa nimelala kweli. Nililala kama mtoto.

Sasa kuhusu Patru. Nilikuuliza Novemba. Tumeandikiana tangu niko shule ya reli, miaka hamsini na mitano, na nakujua: nikikuuliza kitu ukanijibu kwa meno ya mtoto, kuna jambo umeliketia. Kama nilikukosea kwa kumtaja, nisamehe. Lakini niambie.

Nicodim


Braila, 27 Februari 1997

Nico,

Sisi wazima. Emilian anasimama akishika kiti. Lukretia anakusalimu.

Nimesoma barua yako ya mwisho mara nyingi, nikalia kwa lile la sentimita thelathini, kisha nikaona siwezi kuendelea kukudanganya. Naogopa kwamba nikikuambia sasa, zikiwa zimebaki siku kumi, utaitupa ndoo na kurudi kitandani. Lakini umeniuliza kwa upole, na nimechoka.

Uliambiwa Patru alikufa kwa mapafu. Mimi ndiye niliyekuambia. Mapafu yake yalikuwa na vumbi la unga kama ya msaga nafaka yeyote, lakini si hayo. Alikuwa na miaka sabini na miwili. Kinu kilipofungwa alirudi nyumbani akaning'iniza koti akasema, “Safta, nimemaliza.” Daktari alimpima hakuona kitu. Akaanza kusema anataka pomana yake akiwa hai. Mimi nikafurahi, Nico. Nilidhani itampa kitu cha kushughulika nacho. Na nilikuwa na majivuno ya mpishi. Siku tatu sikulala: kabichi sufuria sita, mikate ya kusuka, ngano ya asali, samaki. Watu mia na kumi. Yeye akagawa vitu vyake vyote kama desturi ilivyo. Kiti chake, kitanda chake, kikombe, patasi za kinu, mpaka viatu vizuri. Mimi nilikuwa namkabidhi kimoja kimoja, yeye anatoa, watu wanamwombea heri. Nilijiona mke bora kijijini.

Watu wakaondoka. Kesho yake akaamka hana pa kukaa. Nilimletea kigoda, akasema hapana, kimeshatoka moyoni. Akalala kwenye godoro ukutani. Alikuwa mpole, alinishukuru kwa kila kitu, alisifu kabichi. Siku ya kumi na tisa akafa.

Nimeishi na hilo miaka tisa. Nilimpikia mume wangu ruhusa ya kwenda, nikaitia na bizari. Tangu siku ile sijaviringisha jani moja la kabichi. Lukretia anadhani ni vidole vyangu.

Sasa unajua kwa nini nilikuuliza vitunguu saumu. Na unajua kwa nini nilikaa wiki tano natunga sheria. Ndiyo, nilitunga. Maji hubebwa na msichana mdogo baada ya mtu kuzikwa, na hayana uhusiano na saa moja kamili wala ukingo wa ndoo. Mjane, shukrani, kutofikiri kifo, yote ni yangu. Nilijua umeondoka mdogo, na nilijua wewe ukipewa ratiba utaifuata hata ikikupeleka ukutani. Sikuwa na dawa nyingine, Nico. Nilitaka tu kila siku uwe na sababu ya kuvaa viatu.

Nisamehe. Lakini kupika sitakuja. Siwezi mara ya pili.

Dada yako


Dealu Cornului, 10 Machi 1997

Dada yangu, Safta wangu,

Mimi Nicodim, mwenye umri wa miaka sabini na siku moja, nakusalimu. Namsalimu Emilian anayesimama, na Lukretia, na mwenye kidole. Hapa theluji imebaki kivulini tu. Jogoo amerudi nje na anajifanya hakuwahi kuingia jikoni. Ufa wa ukuta wa kusini nimeuziba Alhamisi.

Barua yako imenifikia Ijumaa, zikiwa zimebaki ndoo mbili. Nimeisoma nimekaa barazani juani. Sasa nami nina la kuungama, kwa hiyo tuwe sawa.

Nilijua. Nilijua tangu siku ya kumi na moja. Asubuhi ile Ruxanda aliniuliza sheria hiyo ya mtu kujibebea maji mwenyewe nimeipata kwa nani. Nikamwambia kwa dada yangu. Akacheka mpaka akashika mlango.

“Safta kakuchezea, Marehemu. Maji huchotwa na kitoto cha kike, mwenyewe akiwa ameshalala makaburini. Nimeona mazishi mia mbili, sijaona maiti akijichotea.”

“Na wewe mbona umekuwa ukiyapokea siku zote hizi?”

“Kuku wana kiu,” akasema.

Ndiyo, dada. Maji yangu ya mbinguni alikuwa anawanywesha kuku.

Nilikaa kwenye kizingiti chake. Nilikasirika, sikufichi. Nilisema moyoni, mwanamke ana miaka sabini na saba na bado ananitania kama nina saba. Kisha nikaanza kukufikiria umekaa kwenye jiko la watu, mtoto kifuani, unaandika na kuchana wiki tano ili tu mzee mmoja avae viatu. Nikaona hakuna aliyewahi kunifanyia kazi kubwa kama hiyo. Nikasimama, nikachukua ndoo tupu. Ruxanda akanitazama, na safari hii hakuwa anacheka.

“Basi ndiyo mwisho?” akaniuliza.

“Kesho saa moja,” nikamwambia.

“Kesho saa moja,” akasema, na akageuka upesi kwenda ndani.

Sikukuandikia hilo kwa sababu niliogopa kwamba ukijua nimejua, utaona haya na kuacha kunihangaikia. Na nilikuwa napenda kuhangaikiwa. Ndivyo nilivyo, nisamehe.

Jana ilikuwa ya arobaini na nne. Dakika kumi na tisa, hakuna pumziko, hakuna tone. Ruxanda alioka vile vimikate arobaini na vinne vya umbo la mtu, akavipaka asali na njugu, na mwalimu akaleta divai. Vikombe arobaini na vinne ndiyo desturi ya sikukuu. Mimi niliishia cha sita. Daktari wa zahanati naye alipita, akanipima pale pale mezani. Presha imeshuka, si kama ya kijana, lakini imeshuka. Akasema niendelee na vidonge, na kilima pia. Nimemwahidi vyote viwili. Sitajidai kwamba sitakufa, dada. Nitakufa siku moja, huenda mwaka huu huu. Lakini sitakaa tena kumsubiri mlangoni mgeni ambaye hajaniambia anakuja lini.

Leo hakuna sheria tena, wala siku ya kuhesabu. Saa moja nilikuwa kwa Ruxanda na ndoo.

Sasa Patru. Nimefikiri siku tatu nikuandikie nini, na sitakudanganya ili nikufariji, maana akiba ya uongo katika familia hii imekwisha, umeitumia yote wewe. Sijui kilichomuua shemeji. Wewe pia hujui. Inawezekana kitu kilikuwepo ambacho daktari hakukiona. Inawezekana aliamua, na angeamua hata kama ungempikia mawe. Ninachokijua ni changu tu. Mimi sikuwa nakufa kwa sababu ya babu. Nilikuwa nakufa kwa sababu nikiamka hakuna aliyekuwa ananingoja. Patru alikuwa na wewe unayemngoja, Safta, usiku na mchana, na bado alikwenda. Kwa hiyo si wewe uliyepunguza kitu. Ulimpa mtu aliyekuwa anaondoka siku nzuri moja, meza imejaa, watu mia na kumi wanamtaja kwa heri, na mkewe amesimama kando yake. Akakushukuru kwa siku kumi na tisa. Nadhani alikuwa anamaanisha.

Na mimi nakushukuru. Niliwahi kusema hivyo? Nimepitia barua zetu kichwani, sikumbuki. Basi naandika hapa: asante, dada, kwa uongo wako wote, mmoja mmoja.

Pasaka ni tarehe ishirini na saba Aprili. Njoo, na mlete Emilian kama Lukretia atakubali. Orodha ya vitu vya kugawa nimeichana. Sina pomana yoyote, nina mlo wa Pasaka. Ruxanda ananifundisha kuviringisha kabichi. Zangu zinafunguka kwenye sufuria zinakuwa uji, na anasema ni chakula cha wasio na meno, kwa hiyo Emilian atahudumiwa vizuri. Zitakuwa mbaya, lakini nitakuwa nimezipika mimi. Wewe utakaa mezani na mgongo wako ukielekea jiko. Hutashika mwiko, hutaonja, hutaniambia chumvi. Utakula tu.

Treni ya Braila inaondoka saa mbili usiku, unabadilisha Bukarest alfajiri kwenye jukwaa la tatu, na unashuka Filiasi saa nne na dakika kumi asubuhi. Itachelewa, inachelewa tangu nilipokuwa naiendesha mimi. Usiwe na wasiwasi. Nitakuwa stesheni tangu saa tatu.

Mdogo wako,
Nicodim